Nampeleka mama kwenye meli ya kitalii Mediterania, bandari zipi tushuke na zipi tukae zetu melini?

BintiNgamiani

Wadau habari za mchana. Naomba msaada kwa aliyewahi kupanda hizi meli kubwa za kitalii za Mediterania au aliyefanya kazi humo, maana Tanga hii mabaharia hawakosekani.

Iko hivi, kaka yangu yuko Italia miaka mingi, sasa kamlipia mama safari ya siku kumi mwezi wa tisa na mimi niende naye. Tunapandia Civitavecchia, ndo wanaita bandari ya Roma ingawa nikiangalia ramani Roma yenyewe wala haipo karibu, halafu Valletta kule Malta, Santorini, Kusadasi Uturuki, Piraeus, Mykonos, Katakolo, Napoli, tunarudi tulipoanzia.

Mama ana miaka 68. Alikuwa mwalimu wa msingi, zamani walikuwa wanapakia watoto kwenye lori la mkonge wanawapeleka Tongoni kuangalia msikiti na yale makaburi ya nguzo, yaani magofu kwake ndo ugonjwa. Shida ni goti la kulia. Ngazi anapanda mojamoja huku kashika ukuta, na akishapanda anakaa kimya kidogo ili asionekane anaumia.

Sasa watu wa meli wametutumia orodha ya safari za kushuka nchi kavu, kila bandari zipo kumi na ushee, kila moja ina magofu na kila moja ina bei yake kwa kichwa. Nimepiga hesabu watu wawili bandari zote, hela inayotoka hapo nanunua bodaboda mpya na chenji inabaki. Kaka anasema achaneni nazo shukeni mchukue teksi. Mie naogopa kuachwa na meli ugenini na mama mwenye goti. Mama mwenyewe kachukua kalenda ya ukutani kaweka tiki siku zote hataki kuacha hata moja.

Zipi tulipie melini, zipi tujiendee wenyewe, zipi tuache? Na kuna hili, mama kasikia karibu na hapo Kusadasi ndo kuna pango la As-habul Kahf, wale vijana wa kwenye Kurani waliolala pangoni miaka mingi na mbwa wao. Suratul Kahf anaisoma kila Ijumaa tangu mie sijazaliwa, anasema akiliona hilo pango mengine yote nimpangie mimi. Ni kweli lipo?

BahariaMstaafu

Binti yangu, mpe mama salamu zangu. Mimi nimekula chumvi ya melini miaka 11, nane kati ya hiyo ni meli za abiria njia hiyo hiyo unayoitaja, nilianza na kusafisha kabini nikaishia kwenye zile boti za kushushia watu. Sasa hivi nipo Pongwe nafuga kuku.

Kaka yako hajakosea na wewe hujakosea, inategemea umbali tu. Pa mbali nendeni na basi la meli, pa karibu jiendeeni. Sababu ni hii, kila abiria ana kadi, akitoka inapiga mlio akirudi inapiga mlio, kwahiyo muda ukifika pale mlangoni wanajua kabini namba fulani hawajarudi. Kama mko kwenye basi la meli na basi limekwama, meli inawasubiri, na isipoweza kusubiri wao ndo wanahangaika kuwafikisha bandari inayofuata. Kama mmejiendea wenyewe hakuna wa kuwaita. Nimeshasimama nje ya kabini afisa yuko ndani anafungua sefu atoe pasipoti za watu ziachwe kwa wakala wa bandari, tukatoa kamba, meli inajivuta, tunawaona wale wawili wanakimbia gatini na mifuko ya zawadi mkononi. Watu melini wanapiga makofi wanadhani mchezo. Mimi sikuwahi kucheka.

Sasa umbali. Civitavecchia mpaka Roma ni kama kilomita 70 na zaidi, treni saa nzima, hiyo kama kaka yako yuko huko fanyeni kabla ya kupanda meli, msiiweke siku ya safari kabisa. Katakolo mpaka Olympia, kwenye magofu ya michezo ya Olimpiki ya kale, kama 35. Kusadasi mpaka Efeso, ule mji wa kale wa magofu, kama 20. Piraeus mpaka katikati ya Athens kumi hivi. Malta unashuka na mji uko juu ya kichwa chako.

Efeso lipieni melini na msijutie, na nakwambia kwa sababu ya goti. Ule mji uko kwenye mteremko, una geti la juu na geti la chini. Basi la meli linawashusha juu, mnatembea mkishuka taratibu, basi linawasubiri chini. Ukienda na teksi bila kupatana naye vizuri anakuacha geti moja, ukimaliza inabidi upande tena kilima chote juani. Unashuka ile barabara ya marumaru, kulia unaona vyoo vya umma vya mawe vimepangwa mashimo yamekaribiana watu walikuwa wanakaa wanapiga stori, mbele kabisa unaona maktaba ya Celsus imesimama na nguzo zake, halafu ukumbi wa michezo wa watu kama 25,000. Pale kwenye maktaba mwambie mama aguse jiwe kama wanaruhusu siku hiyo, ila aangalie chini, yale mawe yamelainishwa na miguu ya watu mpaka yanateleza kama sakafu iliyomwagika sabuni.

Pango lipo, wenyewe wanaliita la Walalaji Saba, pembeni tu ya magofu, kilima kile kile upande wa pili. Lakini nisimdanganye mama, yako mapango mengine kwingine Uturuki na moja Jordan ambayo nayo watu wake wanasema ndo lenyewe, na Mungu ndo ajuaye. Mabasi mengi ya meli hayafiki pale. Nilipoenda mimi palikuwa na uzio, unaangalia kwa nje, unaona makaburi yaliyochongwa kwenye mwamba na mabaki ya kanisa. Ukitaka hapo, badala ya basi la watu 40 tafuta gari ndogo yenye mwongozaji, patana kabla ya kusafiri, mwambie geti la juu, geti la chini, pango, na saa ya kurudi gatini weka masaa mawili kabla ya meli kuondoka sio nusu saa. Hiyo ndo bandari moja ambayo ningevunja sheria yangu mwenyewe kwa ajili ya mama.

Santorini. Meli haifungi gati pale, inasimama katikati ya maji, ile bahari ni mdomo wa volkano. Tulikuwa tunawashusha kwa boti mpaka bandari ya zamani, na mji uko juu ya ukuta wa jabali. Kupanda ni kwa gari la kamba, au ngazi karibu 600, au punda. Ngazi msahau. Punda msahau zaidi, njia ni hiyo hiyo ya ngazi, imejaa kinyesi, na punda akiamua kukubana ukutani hakuna wa kumwambia kitu. Gari la kamba zikija meli nne siku moja foleni inapinda hadi huruma. Mkinunua safari ya meli ya kwenda Akrotiri mnashushwa bandari nyingine ambayo basi linafika, mnapanda kwa gari. Na Akrotiri ndo ya mama hasa, mji uliofukiwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, umejengewa paa kubwa juu kwahiyo hakuna jua, unatembea kwenye vijia, unaangalia chini nyumba za ghorofa, mitungi, mifereji ya maji machafu. Mifupa ya watu hawakuikuta, inaonekana walishtuka mapema wakakimbia.

Mykonos kaeni melini mle bafe. Najua wataalamu watanipigia kelele kwa sababu ya Delos, kisiwa alichozaliwa Apollo kwa hadithi za Wagiriki, boti nusu saa tu toka Mykonos. Ni pazuri. Ila hakuna mti, hakuna kivuli, upepo unaweza kukupeperusha na boti inarukaruka. Goti litakuja kudai deni Katakolo, na Katakolo nataka mshuke.

chizi_wa_raskazone

Kwahiyo bi mkubwa anaenda kuwafanyia Wagiriki ile yetu ya waja leo waondoka leo 😂😂 mwacheni aende zote

Mtanga_Ugaibuni

Nipo Athens mwaka wa saba, kwetu Chumbageni. Naongezea hapo Piraeus.

Hapo msinunue kitu melini, jiendeeni. Ila msije mkadanganywa kwamba metro iko mlangoni, toka gati za meli za kitalii mpaka stesheni ni mwendo wa kutosha, chukueni teksi au basi mpaka stesheni, au teksi moja kwa moja. Metro ni ile laini ya kijani mnashukia Monastiraki. Pochi mbele ya tumbo, sisemi zaidi.

Tiketi ya Akropoli, kile kilima cha magofu hapo Athens, nunueni onlaini kabla, ina saa yake, ukichelewa umechelewa. Toka Aprili 2025 ni euro 30 kwa mtu mzima. Chukueni ya asubuhi kabisa inapofunguliwa, sio kwa ajili ya picha, kwa ajili ya jua. Julai 2023 joto lilizidi mpaka wakawa wanafunga masaa ya mchana, mwezi wa tisa kuna nafuu lakini saa sita mchana pale juu bado unaiva.

Na mama asipande kile kilima! Kuna lifti upande wa pili wa mwamba, ni ya watu wenye shida ya kutembea, haitangazwi sana. Waandikieni au wapigieni mapema muulize utaratibu, mkifika mwambieni mtu wa getini goti, na mkongojo uonekane. Mama yangu mzazi alipokuja hakuwa na mkongojo, akaazima mwavuli wangu akauegemea, alipofika juu akausahau kwenye lifti.

Juu pale pana hekalu la Parthenon, lilianza kujengwa 447 KK. Mwambie mwalimu lile jengo limeshakuwa hekalu, likawa kanisa, likawa msikiti na mnara wake, halafu 1687 Waturuki walikuwa wameweka baruti ndani, watu wa Venice wakarusha kombora likalipuka katikati. Ndo maana liko vile, sio uzee tu.

Mkichoka mnashuka makumbusho ya Akropoli, yana kiyoyozi, viti na mgahawa. Wengine mnaweza kuanza na hapo na msipande kabisa, mtaiona juu kupitia vioo.

Kaole_Kwetu

Mie sijafika huko hata kwa ndoto, mie natembeza wageni hapa Bagamoyo, ila nimeisoma hii mada yote na nina neno moja.

Wageni wanaotoka Unguja kuja kwa siku moja nawajua. Wanataka Ngome Kongwe, Karavansarai, misheni, soko la samaki na magofu ya Kaole, vyote kabla ya saa tisa. Nikiwauliza jioni Kaole wameona nini wanasema mawe. Lakini kuna mzee mmoja alikuja na mkewe wakakataa kwenda kwingine, wakakaa Kaole pale karibu na kisima kile cha msikiti asubuhi nzima, wakaniuliza swali moja tu, bahari iko wapi. Nikawatembeza mpaka kwenye mikoko. Nikawaambia hapa ndo majahazi yalikuwa yanafunga, msikiti ule wa karne ya 13 ulikuwa unatazama maji, tope likajaa, mikoko ikaota, wenye vyombo wakahamia Bagamoyo. Yule mzee akakaa kimya akasema hii ni Efeso ndogo.

Nikaenda kusoma hiyo Efeso ndo nikaelewa. Ilikuwa bandari kubwa, mto ukaleta matope miaka na miaka, leo bahari iko kilomita kadhaa. Kwahiyo binti, mkifika pale kwenye ule ukumbi wa michezo kuna barabara imenyooka inaelekea mbele halafu inaishia kwenye majani. Wenzako watakuwa wanapiga picha maktaba. Msimamishe mama pale amwambie yeye mwenyewe mwongozaji hiyo barabara ilikuwa inakwenda wapi, mwalimu wa Tongoni atajua.

mamawatatu

Jamani na mimi niseme kuhusu MUDA maana hakuna aliyegusa na mie nimeumia hapo.

Tulikuwa Pompei, ule mji wa kale uliofukiwa na volkano karibu na Napoli, mimi na shangazi yangu, basi la meli, mwongozaji akatuachia muda wa kuzunguka wenyewe. Akasema tukutane getini ileven. Shangazi kizungu hakipandi, akaniuliza kasema saa ngapi, na mie nilikuwa nahangaika na simu nikamjibu kumi na moja. Kumi na moja! Saa hiyo ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi yetu. Shangazi akaona ana siku nzima mkononi. Akaondoka zake.

Saa tano watu wote wapo getini shangazi hayupo. Ule mji ni zaidi ya hekta 60, vichochoro vyote vinafanana, barabara zina mawe makubwa katikati ya kuvukia, nimekimbia pale na kandambili mpaka nimejikwaa kidole. Nimekuja kumkuta kwenye kaunta ya mgahawa wa zamani, zile kaunta za marumaru zenye mashimo ya mviringo walikokuwa wanaweka mitungi ya chakula. Kaweka pochi juu ya kaunta, kasimama kama anasubiri supu. Akaniambia, unaona, huyu alikuwa mama lishe, volkano imemkuta na sufuria jikoni. Miaka karibu elfu mbili, mwaka 79 hiyo, na shangazi keshamjua mtu kazi yake.

Basi lilitusubiri dakika 40 na tukanuniwa na watu 38 mpaka Napoli.

Kwahiyo saa zote na mama semeni kizungu au semeni kiswahili, msichanganye. Na muangalie saa ya meli, sio simu. Mwezi wa tisa Ugiriki na Uturuki saa ni sawasawa na ya Tanga, ila Malta na Italia wako nyuma saa moja, simu inajibadilisha yenyewe na meli inaweza isibadilishe siku hiyo. Mama avae saa ya mkononi, ipangwe kwa saa ya meli basi.

Halafu tiketi za Pompei siku hizi zina jina lako na wameweka kikomo cha watu 20,000 kwa siku, kama mnajiendea nunueni kabla na mbebe kitambulisho. Kwa goti ningesema Herculaneum badala ya Pompei, nao ulifukiwa na volkano hiyo hiyo, ni padogo, hata mbao za nyumba na ghorofa za juu zimebaki, ila kuna njia ya kuteremka kuingia na ukiteremka ujue utapanda.

BahariaMstaafu

Mamawatatu umenichekesha, na hapo kwenye saa umesema kweli tupu.

Nilisahau Malta na Katakolo. Malta msinunue chochote, ukitoka gatini kuna lifti ndefu ya kupanda mjini Valletta, juu kuna bustani yenye viti unaiona bandari yote. Mkiwa na nguvu teksi mpaka mahekalu ya Tarxien au Hagar Qim, ni ya zamani kuliko piramidi za Misri. Ila raha ya Malta kwa mtu wa pwani ni maneno. Bahari wanaita bahar. Kitabu ktieb. Sita ni sitta, saba yao ukiisikia ni karibu saba yetu. Nilikuwa naenda sokoni nahesabiwa chenji naelewa, wenzangu Wafilipino wananishangaa.

Katakolo nendeni Olympia na basi la meli. Pamekaa tambarare, pana miti mingi, goti litafurahi. Ule uwanja wa michezo ya kale, inayosemekana ilianza 776 KK, bado upo, njia ya kukimbilia ni mita 192 na kitu, mstari wa jiwe wa kuanzia bado upo. Wewe kimbia, mama akae kwenye nyasi apige filimbi, si alikuwa mwalimu.

BintiNgamiani

Yaani asanteni sana, nimemsomea mama mada yote kwa sauti, hapo kwa shangazi kacheka mpaka kashika goti.

Tumekubaliana hivi. Malta na Piraeus wenyewe, Akrotiri na Olympia basi la meli, Mykonos bafe (kanuna kidogo lakini kakubali), Kusadasi gari ndogo yenye pango, Napoli tutaangalia goti limeamkaje. Roma kaka atatupeleka siku mbili kabla. Jumla imeshuka chini ya nusu.

Swali la mwisho la viza, tunaombea Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa Italia, hapo Uturuki inakuwaje?

BahariaMstaafu

Hapo uwe makini. Ombeni Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja, maana mkigusa Uturuki mmetoka Schengen, mkirudi Piraeus mnaingia upya, nimeona watu wanazuiwa melini kwa hilo. Ya Uturuki yenyewe waulizeni waliowauzia safari, wawajibu kwa maandishi kwa pasipoti ya Tanzania, jibu la simu halina faida gatini.

BintiNgamiani

Sawa mzee wangu, Mungu akulipe. Mama anauliza hapo pangoni na yule mbwa wao kawekewa sehemu yake?

BahariaMstaafu

Mbwa sikumuona. Ila mwambie paka ndo wamejaa Efeso yote, wanalala juu ya vichwa vya nguzo vilivyoanguka, na hawaamki hata ukiwapita na kundi la watu 40.